Masomo ya Felistas na Mkono wa Joram

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1975. Mahindi ya Nyarero yalikuwa yamevunwa, na ng'ombe walikuwa wakila mabua mashambani. Asubuhi moja watu walimwona Mzee Kisyeri akifagia uwanja wa nyumba yake. Mwanamume mzima, na ufagio mkononi! Jirani mmoja alisimama akauliza kama kuna msiba.

"Msiba wa nini?" alijibu Kisyeri. "Daktari wangu anakuja leo."

Daktari huyo alikuwa Felistas, binti yake. Felistas alimaliza kidato cha nne, akafaulu vizuri. Mjomba wake aliyeishi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, akamsaidia kupata nafasi katika chuo kimoja huko Nairobi. Kilikuwa chuo cha kufundisha wafanyakazi wa hospitali. Kisyeri alisikia neno "hospitali" na hilo likamtosha. Mengine aliyajaza mwenyewe. Kila aliyekutana naye alimwambia kwamba binti yake anasomea udaktari. Mimi simlaumu sana. Mzazi akisikia jambo jema juu ya mtoto wake, ni vigumu asitie chumvi kidogo.

Mwaka uliotangulia watu wa Nyarero walikuwa wamehamia kwenye kijiji kipya. Nyumba zilijengwa kwa mistari, moja karibu na nyingine. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya kumi wanajua una mafua. Basi Felistas alipofika mchana, uwanja ulikuwa umejaa watu. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Simoni, alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Shikamoo, baba. Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu," alisema Kisyeri. Hata hakumpa nafasi ya kunywa maji. "Fungua mfuko wako. Watu wameacha kazi zao. Waonyeshe vifaa vyako."

"Vifaa gani, baba?"

"Vya udaktari. Kile cha kusikilizia kifua kiko wapi?"

Felistas alimtazama mama yake, Wegesa. Wegesa alitazama chini. Felistas akafungua mfuko. Alitoa vitabu viwili vinene, na watu wakaitikia kwa heshima. Kisha akatoa kikapu kidogo. Akatoa kigoda cha mbao. Akatoa kijiko chenye mpini mnene kama gunzi la mahindi. Mwisho akatoa kitambaa cha kufumwa.

Watu walivitazama, wakatazamana. Kisha Simoni akacheka.

"Nairobi wanasomea kusuka vikapu?" aliuliza. "Basi mke wangu ni profesa! Tena hajawahi kupanda basi."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kisyeri hakucheka. Aliinuka, akaenda zizini, akakaa huko na ng'ombe wake mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Jioni alimwita Felistas.

"Nani alitengeneza kile kikapu?"

"Mimi, baba. Na kigoda pia. Ni sehemu ya masomo. Lakini tunasoma pia mifupa, misuli na mishipa. Masomo yetu yanaitwa tiba ya kazi. Nilikueleza katika barua."

"Barua niliyosomewa ilisema tiba."

"Ndiyo, baba. Tiba ya kazi. Mtu akiumia au akiugua, daktari anatibu ugonjwa. Sisi tunamsaidia mgonjwa arudi kwenye kazi zake. Kula mwenyewe, kuoga mwenyewe, kulima..."

"Nyamaza," alisema Kisyeri. Hakupaza sauti. "Kula nako kunafundishwa? Kuoga kunafundishwa? Nimechekwa mbele ya kijiji kizima. Hurudi huko. Utakaa hapa na mama yako, na mwakani tutatafuta nafasi ya ualimu."

Chuo kilikuwa kifunguliwe baada ya wiki tano. Felistas alikuwa amemaliza mwaka mmoja kati ya mitatu. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia kwa sababu aliyapenda masomo yale, na kwa sababu alimjua baba yake. Kisyeri akisema hapana, huwa ni hapana.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja anayeitwa Kezia. Wegesa na Felistas walikuwa wakimenya muhogo. Kezia aliketi, akasalimia, kisha machozi yakamtoka.

"Wanataka kumhamisha mume wangu," alisema.

Mume wake alikuwa Mzee Joram. Joram na Kisyeri walikuwa wa rika moja. Walitahiriwa mwaka mmoja, na kwa Wakurya hilo si jambo dogo. Wanaume wa rika moja ni ndugu. Hula pamoja, huambiana ukweli, na watoto wa mmoja ni watoto wa wote. Zamani Joram aliugua ukoma. Alitibiwa kwa miaka mingi, akaambiwa amepona, akarudi nyumbani. Mikono yake ilibaki na udhaifu kidogo, lakini alilima na alikula na wenzake kama kawaida.

"Tangu wakati wa palizi ana vidonda vya vidole," Kezia aliendelea. "Kimoja kikipona, kingine kinatoka. Wenzake wanasema ukoma umerudi. Kwanza walimtengea bakuli lake. Halafu wakamtengea kiti chake. Sasa haendi tena kula nao. Na Bwana Simoni anasema kwenye mkutano wa kijiji watapanga ajengewe kibanda ng'ambo ya mto, peke yake."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?" aliuliza Felistas.

"Hasemi kitu. Anakaa tu. Mtu aliyekuwa mcheshi wa kijiji!"

Felistas alifuta mikono yake. "Mama, naweza kwenda kumwona?"

Wegesa alifikiri. Mumewe hakukataza binti yake kusalimia wagonjwa. Alikataza chuo tu. "Twende wote," alisema.

Joram alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba. Alificha mkono wa kulia chini ya shuka.

"Shikamoo, baba," alisema Felistas. Alimwita hivyo kwa sababu watoto wa wanarika humwita kila mmoja wao baba.

"Marahaba. Usikae karibu, mwanangu."

Felistas alikaa karibu. Aliomba kuuona mkono. Vidonda vilikuwa kwenye ncha za vidole vitatu, na kimoja kikubwa kwenye kiganja. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akaokota unyoya wa kuku.

"Baba, fumba macho. Nikikugusa, niambie."

Alimgusa begani. "Hapo," alisema Joram. Alimgusa kwenye kiwiko. "Hapo." Alimgusa kwenye kiganja, kisha kwenye kila kidole. Joram alikaa kimya, macho yamefumbwa, akingoja kuguswa.

"Mbona hunigusi?" aliuliza.

Wegesa aliziba mdomo kwa mkono.

Wakati huo Kezia alileta uji katika kikombe cha bati. Uji ulikuwa unafuka moshi. Joram alikipokea kwa kiganja kizima, akakishika barabara, akakiinua mbele ya kifua huku akisubiri upoe kidogo kwa ajili ya mdomo wake. Felistas alikigusa kikombe kile akaondoa mkono haraka. Alipuliza vidole vyake. Joram alikuwa bado amekishika.

"Mama Kezia," alisema Felistas taratibu, "nadhani hivi si vidonda vya ukoma. Hivi ni vya moto. Lakini mimi ni mwanafunzi tu. Lazima aende zahanati akapimwe. Na kabla ya hapo, nataka kumwuliza baba yangu jambo moja."

Hapo palikuwa na ugumu. Binti hasimami mahali wanaume wanapokula akawauliza maswali. Na baba yake alikuwa hazungumzi naye tangu siku ile ya mfuko. Felistas alingoja hadi jioni, baba yake aliporudi kutoka shamba la kijiji. Alimpelekea maji ya kunawa. Kisyeri aliyapokea bila neno.

"Baba, naomba kuuliza. Si habari ya chuo."

"Uliza."

"Mkiletewa ugali, nani huwa wa kwanza kumega?"

Kisyeri alishangaa. Halafu, bila kutaka, akatabasamu. Wanaume wa rika lake walikuwa na mchezo wao. Ugali ukifika ukiwa wa moto kabisa, kila mmoja alijaribu kuwa wa kwanza. Anayengoja upoe alitaniwa kwamba bado ananyonya.

"Joram!" alisema. "Siku zote Joram. Sisi tunapuliza vidole, yeye amekwisha meza tonge la tatu. Tulimwita Mkono wa Chuma. Mimi ndiye niliyempa jina hilo."

"Na wewe, kwa nini hukuwa wa kwanza?"

"Unaunguza, mtoto! Ni ugali umetoka jikoni sasa hivi."

"Ulikuwa haumwunguzi yeye?"

"Yeye alikuwa..." Kisyeri akaanza. Maji ya kunawa yalitiririka kutoka vidoleni mwake hadi chini. "Alikuwa hasikii," alisema.

"Hasikii, baba. Ukoma ulipona, lakini ulikuwa umekwisha haribu mishipa inayopeleka habari za joto na maumivu. Mkono wake una ganzi. Ugali unamwunguza kama unavyokuunguza wewe. Tofauti ni kwamba wewe unaambiwa."

Kisyeri alikaa juu ya gogo. Alikumbuka jinsi walivyompigia Joram makofi kila siku. Alikumbuka pia nani alikuwa wa kwanza kusema Joram atengewe bakuli. Ilikuwa yeye.

"Tulimshangilia akiungua," alisema. "Halafu tukamfukuza kwa kuungua."

Felistas aliokota chombo cha maji. Kuna mambo mtoto hapaswi kumsaidia baba yake kuyasema.

Kesho yake asubuhi na mapema Kisyeri alikwenda nyumbani kwa Joram. Hakuingia na maneno mengi. Alimwita kama vijana wa Kikurya wanavyoitana: "Mura, inuka. Tunakwenda zahanati." Walikwenda kwa miguu, wawili pamoja, na kila mtu kwenye mistari ile ya nyumba aliwaona.

Mganga wa zahanati alimkagua Joram mwili mzima. Hakuona mabaka mapya. Alisafisha vidonda, akavifunga, akachukua vipimo vya kupeleka hospitali. Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Hapakuwa na wadudu wa ukoma.

"Ugonjwa haujarudi," alisema mganga. "Huyu mzee anaungua na kujikata bila kujua. Nimempa dawa. Lakini dawa haitafaa kitu kama kesho atashika sufuria ya moto. Nani atamfundisha kuitunza mikono yake? Mimi hapa niko peke yangu, na watu mia wako nje."

"Yuko wa kumfundisha," alisema Kisyeri.

Basi Felistas alianza kazi. Baba yake alikuja kutazama, akakaa pembeni kama mtu aliyepita njia tu.

"Baba Joram," alisema Felistas, "tuanze na kikombe cha uji. Chuoni tunafundishwa kuikata kila kazi vipande vipande. Unanyoosha mkono. Unafungua vidole. Unashika kikombe. Unasikia joto lake. Unainua, unaleta mdomoni, unainamisha, unameza, unarudisha. Wewe vipande vyote unaviweza. Kinachokushinda ni kimoja tu."

"Kusikia joto," alisema Joram.

"Basi tutakipa kipande hicho mahali pengine. Kiwiko chako kinasikia. Kila kitu kinachotoka motoni kiguse kwanza kwa kiwiko. Kikiunguza, usikishike. Na macho yako yatafanya kazi ya ngozi. Ukiona moshi unafuka, ngoja."

Joram alijaribu. Aliweka kiwiko kwenye kikombe, akaruka. "Kumbe ni moto hivi!" alisema. Alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu. Kezia aligeuka akafuta macho.

Siku zilizofuata Felistas alichonga mbao kwa panga na kisu, akazisugua kwa msasa. Alikifungia kikombe cha Joram mshikio wa mbao. Alizungushia vitambaa mpini wa jembe, kwa sababu mpini mwembamba ulikuwa unamtoboa kiganja akiukaza mno. Mtu mwenye ganzi hukaza kuliko inavyotakiwa, maana hajui ameshika kwa nguvu kiasi gani. Alimsukia kata nene ya majani ya kuinulia sufuria. Alimfundisha kuloweka mikono katika maji ya kawaida kila jioni, kuipaka mafuta ikiwa bado na unyevu ili ngozi isipasuke, na kuikagua yote, kidole kwa kidole, kabla ya kulala.

"Nikiona wekundu au lengelenge?" aliuliza Joram.

"Pumzisha mkono huo, na ujiulize, leo nilifanya kazi gani? Ukiijua kazi iliyokuumiza, tutaibadilisha. Hatutaiacha. Tutaibadilisha tu."

Kisyeri, pale pembeni, alikohoa. "Hizo mbao," alisema, "nani alikufundisha kuchonga?"

"Chuoni, baba."

"Na kusuka?"

"Chuoni. Nikitaka kumfundisha mtu kazi, lazima niijue kwa mikono yangu mwenyewe. Lazima nijue inachosha wapi na inahitaji vidole vingapi. Kusuka kikapu kunazoeza vidole vilivyokakamaa. Kuranda mbao kunanyoosha bega. Mgonjwa haoni kama anatibiwa. Anaona anatengeneza kigoda. Akimaliza, bega limefunguka na kigoda kipo."

Siku ile Kisyeri alirudi nyumbani akaketi juu ya kile kigoda cha Felistas, ambacho Wegesa alikuwa amekificha chini ya kitanda. Wegesa aliona, akaendelea kusonga ugali wake.

Vidonda vilianza kukauka. Wiki ya tano tangu Felistas arudi, Kisyeri alimpeleka Joram mahali pao pa kulia, karibu na zizi. Mwenzao mmoja alivuta kiti chake nyuma. Ugali uliletwa, mweupe, ukifuka moshi. Mikono ikaanza kunyooka.

"Ngojeni," alisema Kisyeri.

"Tungoje nini?" aliuliza Simoni, ambaye naye alikuwa wa rika lao.

"Upoe."

"Wewe Kisyeri, umerudi kunyonya?"

"Nimerudi. Na ninyi mtanyonya pamoja nami." Kisha akawaeleza yote, tangu ganzi, vipimo vya hospitali, hadi lile jina la Mkono wa Chuma alilolitoa yeye mwenyewe. Hakujificha. "Tulikuwa tunamuua mwenzetu kwa kumsifu," alisema. "Mganga amesema hana ukoma. Atakayemtengea bakuli tena, anitengee na mimi."

Walingoja. Si rahisi kungoja ugali ukiwa na njaa ya shamba, na wanaume wale hawakuwa wamezoea. Walitazamana, wakatazama ng'ombe. Mwisho Joram aliugusa kwa kiwiko, akasema, "Sasa." Wakala kutoka sahani moja.

Baada ya kula Simoni alimfuata Kisyeri nyumbani. Alikuwa na haya kidogo, lakini balozi hakosi maneno.

"Ile habari ya kibanda ng'ambo ya mto nimeifuta," alisema. "Sasa nataka kumwuliza huyu binti. Nina kijana kidato cha pili. Anapenda useremala, na anafaulu baiolojia. Mimi nilimwambia achague kimoja. Hicho chuo kinachukua wavulana?"

"Darasa letu lina wavulana wengi, mzee," alisema Felistas. "Wanataka mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye baiolojia nzuri na Kiingereza cha kusomea vitabu. Na subira. Asiye na subira hamalizi hata muhula mmoja."

"Mnasoma miaka mitatu yote mikono?"

"Mwaka wa kwanza tulisoma mwili mzima. Mkono peke yake una mifupa ishirini na saba! Tunasoma magonjwa, na jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi, na jinsi mtoto anavyokua. Tunajifunza kazi za mikono. Halafu wanatupeleka wodini. Mwaka wa pili na wa tatu sehemu kubwa ni wodini, chini ya wakubwa wetu."

"Na akimaliza, atapata kazi wapi? Haiwezekani kila kijiji kiwe na mzee anayeunguzwa na ugali."

Felistas alicheka. "Hospitali kubwa zinawahitaji, kwa waliovunjika na waliopooza. Wapo wanaofanya kazi na wagonjwa wa akili. Mgonjwa anaanza na jambo dogo, kutandika kitanda, kumwagilia bustani, mpaka anaweza kurudi kwao. Mwalimu wetu mmoja alianzia shule ya watoto walemavu. Alikuwa anamfundisha mtoto asiyeweza kushika kalamu, au anamtengenezea kalamu inayoshikika. Nilimwona mwingine anakwenda viwandani, kwa watu waliokatwa na mashine. Kuna makazi ya waliougua ukoma. Kuna kufundisha chuoni. Na anayetaka kuendelea, kuna vyuo vikuu ng'ambo vinavyotoa shahada ya kazi hii. Mimi natamani siku moja kufika huko. Lakini kwanza nimalize..."

Alikuwa amekumbuka kwamba haendi kumaliza kitu. Ilikuwa Alhamisi. Chuo kilikuwa kifunguliwe Jumatatu. Baba yake alikuwa hajasema lolote.

Wakati huo Joram aliingia uwanjani. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na alitembea kama mtu aliyekuja kwa shughuli. Alikataa kiti.

"Kisyeri," alisema, "huyu ni mtoto wa nani?"

"Unamjua. Ni wangu."

"Ni wa rika. Basi ni wangu pia. Nimesikia umemkataza chuo. Ulimwuliza nani? Mimi hukuniuliza. Nimekuja kukwambia kwamba mimi baba yake sikubali. Vidole hivi ulivyokuwa unaviogopa, ameviponya mtoto wa mwaka mmoja tu chuoni. Akimaliza mitatu je? Wako wangapi kama mimi, kutoka hapa mpaka Robanda, wamekaa nyuma ya nyumba wamefunika mikono?"

Wegesa alikuwa mlangoni. Felistas hakuthubutu kuinua macho.

Watu wa Nyarero wanajua kwamba mzee akikosea, si desturi aseme amekosea. Lakini Kisyeri aliinuka, akamtazama binti yake usoni.

"Nilikosa," alisema. "Nilitaka watu wanione mimi. Sikutazama mtoto wangu anasoma nini. Jumamosi tunakwenda Sirari, mpakani. Nimekwisha peleka ujumbe kwa mjomba wako akungoje upande wa pili."

"Umepeleka lini?" aliuliza Wegesa kwa mshangao.

"Jumatatu."

"Na ukanyamaza siku zote hizi, na mtoto hapati usingizi!"

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema," alijibu Kisyeri. Hata Simoni hakucheka.

Jumamosi walifika Sirari mapema. Kisyeri alikuja, na Joram naye akaja. Aliambiwa abaki apumzike, akasema yeye si mgonjwa. Pale mpakani palikuwa na watu wengi, wenye mizigo ya mahindi na ndizi. Felistas alitoa hati zake. Ofisa wa mpakani alizisoma, akazigeuza, akawatazama wazee wawili waliosimama nyuma yake.

"Mwanafunzi. Anasomea nini?"

"Tiba ya kazi," alisema Kisyeri. Alivuta pumzi. "Mtu akiumia asiweze kufanya kazi zake, wao wanamrudisha kwenye kazi. Kama haiwezekani kwa njia ya zamani, wanatafuta njia nyingine."

"Kuna masomo kama hayo?" ofisa alisema. "Mimi mama yangu amepooza upande mmoja, yuko nyumbani tu Musoma. Tunamlisha kama mtoto."

"Ndiyo kwanza naanza mwaka wa pili," alisema Felistas. "Lakini mwacheni ajaribu kushika kijiko mwenyewe, hata akimwaga. Mpelekeni hospitali, waulizeni mazoezi. Na mimi nikimaliza nitarudi huku."

Ofisa aligonga mhuri. "Baba yake ni nani kati yenu?"

"Mimi," alisema Kisyeri.

"Na mimi," alisema Joram.

Ofisa alicheka, akadhani ni utani wa wazee. Alitoka nyuma ya meza yake kuwaaga kwa heshima. Alimpa mkono Kisyeri. Kisha akampa mkono Joram, akaushika kwa mikono yake miwili, mbele ya watu wote.

Joram hakuweza kuisikia mikono ile. Aliinamisha kichwa akaitazama, kwa muda mrefu, mpaka akaridhika kwamba ni kweli ameshikwa.